Kiboko Aliyetaka Maboga Bila Nyuki

Nikisema "Mzinga!" nanyi semeni "Wenyewe wamo!" Haya, mzinga!

— Wenyewe wamo!

Safi. Aliyelala aamshwe.

Hapo zamani za kale alikuwako Bi Nungu, nungunungu mjane. Shamba lake lilikuwa dogo, lakini lilikuwa na maboga, kunde, alizeti, na mzinga mmoja mtini.

Jirani yake alikuwa Kiboko. Bwana huyo alikuwa na tumbo, na tumbo lenyewe halikushiba. Alifyeka pori lote toka mtoni hadi kilimani, akapanda maboga, maboga, maboga matupu. Kisha akanyunyizia dawa asubuhi, akanyunyizia jioni.

"Ndugu yangu Kiboko," Bi Nungu akamwambia, "dawa hiyo inaua nyuki."

"Na wafe! Mimi nalima maboga, silimi nyuki."

Nyuki wakafa. Wakafa mtoni, wakafa kilimani.

Basi ikakaribia sikukuu ya malimbuko, ambapo kila mkulima huleta boga la kwanza la shamba lake. Kiboko alikuwa akilimezea mate shamba la Bi Nungu, na alikuwa ameona maua ya huko yakianguka. Akasimama mbele ya Jumbe Twiga, akanguruma, "Mwaka huu, atakayekuja mikono mitupu anyang'anywe shamba!"

Wanyama wakamwogopa, wakakubali. Bi Nungu akarudi nyumbani miiba imemsimama kwa hofu, maana hata kwake maua yalikuwa yakipukutika, na mzinga ulikuwa kimya.

Akaushusha mzinga, akaufagia, akaupaka nta ndani, akaupandisha tena. Akangoja. Likaja kundi dogo la nyuki, limechoka, na malkia wao akauliza:

"Vuu, vuu! Hapa kuna dawa?"

"Hakuna, mwanangu."

"Vuu, vuu! Maua ya maboga yakiisha, tutakula nini?"

"Ya kunde. Ya kunde yakiisha, ya alizeti."

"Vuu, vuu! Na asali, utatuachia?"

"Nusu yangu, nusu yenu."

Wakaingia.

Kwa Kiboko maua yalichanua, shamba zima njano tupu. Yakaanguka. Kiboko akasema, "Ni kiu!" Akamwaga maji. Yakaanguka. Akasema, "Ni njaa!" Akamwaga mbolea. Yakaanguka. Akasema, "Ni ukaidi!" Akasimama katikati ya shamba akayafokea, "Zaeni! Nasema zaeni!"

Yakaanguka yote. Hee! Tangu lini ua likaogopa makelele?

Siku ya malimbuko ikafika. Bi Nungu akaja akibingirisha boga kubwa kuliko yeye mwenyewe, nyuki wakimzunguka vuu, vuu. Na Kiboko alikuja na nini? Alikuja na tumbo lake.

Jumbe Twiga akainamisha shingo. "Bwana Kiboko, sheria hii uliileta mwenyewe."

Weee! Vigelegele vikasikika hadi ng'ambo ya mto. Bi Nungu akapewa shamba lote la Kiboko, lakini hakujilimbikizia. Akawagawia majirani, kila mmoja akapanda chakula chake, na kwenye kila mpaka ukatundikwa mzinga.

Na nani aliyeibeba mizinga hiyo mgongoni? Kiboko! Kila alipopita, nyuki walivuma, "Vuu, vuu!" Naye alijibu kwa adabu zote, "Shikamooni, wakubwa."

Basi jamani, mdogo anayekuwezesha kula usimwangamize kwa tamaa yako, maana siku ya mavuno utamtafuta.

Hadithi nimeitua hapo, na boga la Bi Nungu limeiva jikoni. Mzinga!

— Wenyewe wamo!