Magunzi ya Bi Kititi

Sogeeni karibu, na mwenye kitu mdomoni atafune polepole, maana hadithi yenyewe ni ya kutafuna.

Mwaka mmoja mvua ilisusa. Sisemi ilichelewa, nasema ilisusa, kama bibi harusi aliyeudhiwa na mawifi. Mto ukawa njia ya vumbi, mashamba yakapasuka, na wanyama wote wakabaki wanaliangalia ghala la Mfalme Simba.

Ghala hilo walilijaza wenyewe wakati wa mavuno. Simba hali mahindi, hilo mnalijua. Lakini alijua vizuri kwamba walaji wa mahindi wakifa wote, yeye atabaki analamba mawe. Kwa hiyo akatoa amri: kila Ijumaa, kila nyumba ipewe kibaba kimoja cha punje, basi. Mahindi yapukuchuliwe hukohuko ghalani, na magunzi yote yapelekwe jikoni kwa mfalme yawe kuni. Gunzi hata moja lisionekane nyumbani kwa mtu.

Na mlinzi wa ghala? Fisi! Msinicheke mimi, mcheke mfalme. Fisi alikuwa amemvika kilemba cha ukoka wiki nzima, mara "Mtukufu, manyoya yako yanawaka," mara "Mtukufu, jua likikuona linaona haya," mpaka Simba akaamini kwamba dunia nzima haina mwaminifu kama yule. Kiburi kikishamwingia mtu masikioni, hasikii tena kingine.

Sasa twende kwa Bi Kititi. Huyu alikuwa sungura jike, mdogo wa umbo, mwenye akili za kisungura na watoto saba. Ukimtia na mumewe, hiyo ni midomo tisa kwa kibaba kimoja. Majirani wenye midomo mitatu walikuwa wanamaliza chao Jumapili, halafu wanakunja miguu kusubiri Ijumaa. Kwa Bi Kititi moshi ulitoka kila siku.

Uchawi? Uchawi gani! Kila mara kabla ya kupika alichota konzi moja ya unga akairudisha kwenye chungu kilichoning'inia darini. Pumba hazikumwagwa. Zilikandwa na majani ya mnavu zikawa vibumunda. Ukoko wa sufuria ulilowekwa, asubuhi ukawa uji. Maji yaliyoosha watoto yalifua nguo, yakamalizikia kwenye mnavu wenyewe nyuma ya nyumba.

Mumewe, Bwana Sungura, alinung'unika. "Mama Kipusa, umezidi mkono wa birika. Hata pumba? Watu watasemaje?"

"Baba Kipusa, jana usiku ulikula nini?"

"Si vile vibumunda."

"Vilikuwaje?"

"Vitamu kweli, mke wangu."

"Basi ulikula pumba."

Bwana Sungura akajikuna sikio, kisha akauliza kama vimebaki.

Kitu kimoja tu kilimtoa jasho Bi Kititi, nacho ni kuni. Za karibu zilikwisha kuzolewa zote, na za mbali zilikuwa kwenye kichaka cha Chui, mahali ambapo mama mwenye watoto saba hana la kufanya. Hivyo alipopita korongoni asubuhi moja, nyuma kabisa ya ghala, akakuta magunzi yametapakaa, alisimama akapiga kofi la furaha. Kisha akaokota moja, akaliangalia, akakasirika.

"Nani huyu asiye na adabu ya chakula?" alisema peke yake. Gunzi lilikuwa limevunjwa katikati, na kwenye ncha bado kuna punje, tena nyingi! Akadhani ni wapishi wa mfalme, wamechoka kubeba wakamwaga njiani, na kilichokwisha kutupwa akaona si cha mfalme tena. Akachokonoa punje zote akazifunga kwenye upindo wa kanga, magunzi akayatia kikapuni. Kesho yake akakuta mengine. Keshokutwa vilevile. Ikawa ndiyo njia yake kila asubuhi.

Watoto wakaanza kunawiri. Mashavu yakawajaa, wakawa wanakimbizana uwanjani wakati watoto wa wenzao wanalala tu. Jirani yake Bi Kanga, yule mwenye madoadoa na mdomo usiojua likizo, akashindwa kuvumilia.

"Shoga, watoto wako wanang'aa. Unawapaka nini?"

"Uji," alijibu Bi Kititi. "Nawapaka kwa ndani."

Bi Kanga alicheka mpaka akapaliwa, kisha akaenda kulitangaza neno hilo kila nyumba, na mwishowe likamfikia Fisi.

Siku hiyohiyo Simba alikwenda kukagua ghala, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo. Alitia kichwa ndani, akakitoa, akakitia tena. Nusu ya mahindi haipo! Alinguruma mpaka vumbi likashuka kwenye mapaa.

"Fisi! Mahindi yamekwenda wapi?"

Tumbo la Fisi ndilo lilikuwa jibu lenyewe. Lakini mwongo mzoefu hakosi la kusema. "Mtukufu, nami nilikuwa njiani kuja kukuambia. Katika nchi yenye njaa, mwizi ni yule ambaye watoto wake wamenona. Twende kwa Sungura, ukajionee."

Wakaenda, na kundi zima la wanyama nyuma yao. Bi Kititi alikuwa anakoroga uji. Fisi hakubisha hodi. Aliingia jikoni, akanusa huku na huku, kisha akatoka na kikapu akakimimina miguuni pa mfalme. Magunzi yakamwagika, zaidi ya arobaini.

Uwanja mzima ukasogea kutazama. Hata Bi Kanga alifunga mdomo.

"Gunzi halionekani nyumbani kwa mtu," alisema Simba taratibu. "Ndiyo amri yangu. Haya yamefikaje hapa?"

"Nimeyaokota korongoni, Mtukufu," alisema Bi Kititi. "Kwa ajili ya kuni."

Fisi akaangua kicheko. "Eti kayaokota! Shemeji, na mimi huu mkia niliuokota njiani. Na punje zake je, hukuziokota?"

"Nimeziokota pia," alisema Bi Kititi, maana hakuwa na desturi ya kusema uongo mbele ya watoto. Watu wakaguna. Bwana Sungura akajificha nyuma ya mtungi, masikio yake yote mawili yanaonekana.

"Basi umejihukumu mwenyewe," alisema Simba. "Haitasemwa kwamba mimi nimeibiwa na mnyama mdogo kuliko ukucha wangu, kisha nikanyamaza. Kabla jua halijafika utosini, wewe na watoto wako mvuke jangwa la chumvi, na msirudi."

Jangwa la chumvi! Huko hakuna mti, hakuna tone la maji. Mtoto wa sungura hamalizi siku mbili. Bi Kititi aliwatazama wale saba, mdogo kabisa amekumbatia mwiko wa uji. Aliogopa. Tusidanganyane, aliogopa mpaka masikio yakamlala mgongoni.

Akainamisha macho asilie mbele ya Fisi, na macho yakaangukia magunzi. Asubuhi zote zile aliyaokota kwa haraka. Sasa aliyaangalia vizuri. Kila moja limevunjwa katikati. Kila moja lina alama pana, za magego. Akainua macho, akautazama mdomo wa Fisi uliokuwa bado unacheka, meno yote nje.

Alijua. Lakini alijua na jambo la pili: Simba haambiwi kwamba alikosea kuchagua. Ukimwambia, atakukasirikia wewe. Sharti aone mwenyewe, tena aone kama wazo lake.

"Mtukufu," alisema, "hukumu yako nimeisikia. Lakini mfalme mwenye hekima kama wewe hapendi watu waseme baadaye kwamba uliharakisha. Anayeiba chakula ameshiba, si kweli?"

"Kweli."

"Na asiye na hatia ana njaa. Basi tupe hindi mojamoja, mimi na mlinzi wako, tule mbele yako. Atakayemaliza wa kwanza ndiye mwenye njaa. Mwingine ni mwizi, na asiwe na neno."

Simba alikunja uso, akaupenda mtego huo bila kujua kuwa ni mtego. "Hilo nilikuwa nalifikiria mwenyewe," alisema. "Leteni mahindi mawili!"

Fisi naye mate yalikwisha kumjaa. Asubuhi hiyo alikuwa amekula manne, lakini tumbo la Fisi lina chumba cha nyuma. Akajisemea moyoni: kasungura haka kamejimaliza kenyewe.

Mahindi yakaletwa, yakachomwa, kila mmoja akapewa lake. "Haya!" alinguruma Simba.

Fisi alilitia hindi mdomoni lote kwa mpigo. Kra! Likakatika katikati. Kra tena! Punje zikaruka huku na huku, nyingine zikampiga Bi Kanga kwenye paji la uso. Akatupa vipande nyuma ya bega bila hata kuviangalia, akaruka juu. "Nimemaliza! Nina njaa mimi! Sina hatia!"

Bi Kititi alikuwa bado kwenye mstari wa pili wa punje. Tik, tik, tik. Akamaliza wa pili, akageuza hindi, akaanza wa tatu. Watu walimwonea huruma. Mumewe kule nyuma ya mtungi akanong'ona, "Mama Kipusa, leo tu, ukimbize hayo meno!" Hakukimbiza. Simba alipiga miayo miwili. Hatimaye Bi Kititi alifuta mdomo, akaweka gunzi lake mbele ya mfalme, zima na jeupe, halina punje hata ya dawa.

"Umeshindwa," alisema Simba.

"Nimeshindwa, Mtukufu, sikatai. Sasa naomba gunzi la Bwana Fisi liokotwe, liwekwe hapa kando ya langu."

Mfalme hainami. Bi Kanga ndiye aliyeviokota vile vipande, akaviweka chini. Halafu akayatazama magunzi yaliyomwagwa kutoka kikapuni, akavitazama vile vipande, na sauti ikamrudia yote kwa pamoja.

"Salaale! Ni ndugu! Jamani njooni muone, ni baba mmoja mama mmoja!"

Kweli bwana. Yote yamekatika katikati, yote yana alama za magego, yote yana punje kwenye ncha. Na lile la Bi Kititi likakaa peke yake, halikufanana na hata moja.

"Meno yangu ni haya," alisema Bi Kititi akiyaonesha. "Hata nikiyanoa mwaka mzima hayavunji gunzi. Nami nisingeacha punje hata kwa kusahau. Uliza jirani zangu."

"Hiyo kweli!" walipiga kelele jirani zake wote. "Huyu anakula hadi pumba!" Na hapo ndipo Bwana Sungura alipotoka nyuma ya mtungi, kifua mbele. "Na ni tamu!" alisema.

Fisi alivisukuma vile vipande kando kwa mguu. "Mtukufu, mimi... nilikuwa nayaonja tu. Kuangalia kama yameoza."

"Nusu ya ghala?"

"Nina mashaka sana, Mtukufu."

Uwanja mzima ulicheka, isipokuwa mmoja. Simba alisimama, akatikisa manyoya, akatazama mbali. "Nilikwishajua," alisema. "Nilikuwa nasubiri ajiumbue." Hakuna aliyecheka hilo mpaka alipoondoka. "Fisi! Jangwa la chumvi, sasa hivi!"

Fisi akaanza kulia, na kilio chake mnakijua, kinafanana sana na kicheko, hata huruma haiji. Akageuka kuondoka, mkia katikati ya miguu.

"Mtukufu, subiri," alisema Bi Kititi.

Wote wakamgeukia. Bi Kanga akamvuta kanga. "Shoga, una wazimu? Muache aende!"

"Ziangalieni taya zile," alisema Bi Kititi. "Zinavunja gogo la mninga. Mwaka huu nchi nzima inalilia kuni, halafu tuchukue shoka kama lile tukalitupe jangwani? Nipeni mimi. Kwangu hakitupwi kitu."

Basi ikawa hivyo. Mpaka mvua iliporudi, Fisi alipasua magogo ya kichaka cha Chui akayabeba nyumba kwa nyumba. Bi Kititi ndiye aliyepewa funguo za ghala, na konzi yake ikafuatwa na kila jiko. Mvua ilipopiga, ghalani bado palikuwa na mahindi ya kupanda.

Na kila Ijumaa Fisi alikuja kuketi kwenye jiko la Bi Kititi kula hindi lake moja, watoto saba wamemzunguka.

"Mstari kwa mstari, mjomba!"

"Nasikia."

"Umeruka punje hiyo!"

"Nimeiona, nimeiona."

Akimaliza, mkono wake unataka kwenda nyuma ya bega, kwa mazoea. Bi Kititi hakugeuka hata kumtazama. Alinyoosha tu kiganja chake kidogo huku anakoroga uji.

"Lete gunzi, shemeji. Moto unafifia."

Langu limeishia hapo. Nanyi mliobakiwa na punje, kuleni, msiniachie za kufagia.