Mifuko Sita ya Saruji

Wingu lilikuwa limeshatanda, na mifuko sita ya saruji bado ilikuwa barazani pa duka. Bwana Hemedi, tajiri mwenye kifua cha fahali, alimgeukia Ngwali, hamali wake mkongwe.

"Mzee, yote iwe ndani kabla ya mvua. Ukilowa hata mmoja, kesho usije."

Ngwali akainama, miguu wima, mgongo kaupinda kama mundu, akaanza kuuvuta mfuko huku akiguna.

"Utavunjika kiuno, mzee!" Hemedi akamsogeza kando. "Chuchumaa. Ukumbatie kifuani. Mgongo unyooke, miguu ndiyo inyanyue." Akauingiza ndani.

"Macho yangu mazito, tajiri. Hebu tena."

Hemedi akarudia. Ngwali akauliza habari ya kugeuka. Akaonyeshwa kwamba hugeuzwa nyayo, si kiuno. Akauliza habari ya kutua, ya kupita mlangoni, ya kupumua. Kila swali liliondoka na mfuko wake.

Tone la kwanza likadondoka kwenye baraza tupu.

"Umeelewa sasa?" Hemedi aliuliza, akitweta. "Hivi ndivyo alivyonifundisha marehemu baba."

"Nimeelewa, tajiri," alisema Ngwali, akijipangusa vumbi ambalo hakuwa nalo. "Yeye nilimfundisha mimi."