Mkate wa Radhi wa Mama Suheil

Hapo zamani, tena si zamani ya majini wala ya masultani, zamani ya juzi tu ambayo wengi wenu mlikuwa mmeshazaliwa na sasa mnajitia kusahau, palikuwa na nchi moja ya Waarabu. Jina lake silitaji. Nikilitaja mtasema haiwahusu, na mimi nataka iwahusu.

Katika mji mkuu wa nchi hiyo palikuwa na mtaa ulioitwa Mtaa wa Tanuri, kwa sababu nyumba zote za pale zilioka mkate kwenye tanuri moja. Mwenye tanuri alikuwa mjane, Rabab, Mama Suheil, mwanamke mwenye mikono mipana na ulimi usio na breki. Alizaa watoto wawili, Hanaa na mdogo wake Suheil. Wa tatu hakumzaa, alimnyonyesha: Nuri, mtoto wa jirani aliyefiwa na mama yake akiwa mchanga. Titi moja Suheil, titi la pili Nuri. Kwa sheria yao huyo ni ndugu kabisa, wala hakuna wa kubisha.

Mtaa ule ulikuwa na desturi mbili. Zishikeni, sitarudia. Ya kwanza: mlango wa tanuri haufungwi mbele ya mtu anayekimbia. Awe mwizi, awe mke aliyepigwa, akishaingia pale hakuna wa kumgusa. Ya pili: mtu akiuawa, siku ya arobaini mama yake huoka mkate mmoja, wanauita mkate wa radhi. Wote wenye mkono katika kifo kile husimama mbele yake, naye humpa mmoja wao, mzima, bila kuumega. Aliyepewa amesamehewa, ataishi na watu. Asiyepewa huhama mtaa, na hakuna atakayempa hata kaa la moto. Na mkate ukipoa mikononi mwa mama kabla hajaamua, wote wanahama.

Kwa nini mmoja? Aa, wewe nawe! Kawaulize waliotunga. Mimi nasimulia tu.

Basi. Nchi ile ilitawaliwa na Rais mmoja miaka nenda miaka rudi, mpaka watoto wakadhani Rais ndilo jina alilopewa na mama yake. Siku moja, nchi ya jirani watu walijaa barabarani na mtawala wao akatoroka. Habari ikavuka mpaka. Watu wa Mtaa wa Tanuri wakatazamana: kumbe inawezekana! Wakatoka, mbele yao Ustadh Wajdi, mwalimu aliyewafundisha wote kusoma, mwembamba, lakini sauti yake ilijaza uwanja. Wanajeshi wakaamriwa wafyatue risasi. Wakagoma. Nuri alikuwa miongoni mwao. Aliweka bunduki chini, akashuka kwenye kifaru, na Suheil akambeba mabegani huku wote wawili wakilia kama watoto. Rais akapanda ndege. Siku hiyo Rabab aligawa mikate bure mpaka unga ukamwishia.

Raha iliyoje! Laiti ningeweza kuwaachia hapo mkalale.

Ukafanywa uchaguzi. Walioshinda wakataka vyote, walioshindwa wakakataa katakata. Wafalme wa nchi za jirani, waliokuwa hawalali kwa kuogopa viwanja vyao wenyewe, wakamwaga fedha na silaha: huyu anampa huyu, yule anampa yule. Kati ya nchi nyingine zilizoinuka, moja ikagawanyika, nyingine ikawa majivu, watu wake wakajazana kwenye mahema na kwenye maboti ya kwenda Ulaya, na mataifa makubwa yaliyokuwa yakipiga makofi yakaanza kujenga nyua. Ngano ikaadimika. Watu wakachoka, na waliochoka wakaanza kuomba utulivu, utoke popote utakapotoka. Ndipo akaja Jenerali akasema, "Nimewaletea utulivu." Wakampigia vigelegele. Rabab naye alipiga, simfichi.

Utulivu wenyewe ulikuwa wa makaburini. Vijana wakaanza kuzolewa majumbani mwao, mmoja mmoja, kisha kumi kumi. Ustadh Wajdi akawaita watu uwanjani mara ya pili. Suheil akaenda. Safari hii wanajeshi hawakugoma.

Walionusurika wakakimbilia kwenye matanuri, lao na ya mitaa ya jirani, maana desturi ile ya mlango mji wote uliishika. Kwenye tanuri la Rabab, Hanaa alisimama mlangoni akiwaingiza majeruhi, na mama yake alikuwa chumba cha nyuma akiwafunga vidonda kwa vitambaa vya kufunikia unga. Halafu mlango ukafungwa. Tangu tanuri lile lijengwe haukuwahi kufungwa mbele ya mtu. Wanajeshi walipoondoka na mlango kufunguliwa, Suheil alikuwa amelala kizingitini, kiatu kimoja hakipo, na damu yake imeshakauka.

Siku ya arobaini ikafika. Rabab alikanda unga peke yake, hakutaka msaada. Akauoka mkate, akautoa, akaushika kwa mikono mitupu ingawa ulikuwa unaunguza. Mtaa mzima ulikuwa pale, wanawake mbele, wanaume nyuma. Watatu wakajitokeza.

Wa kwanza Ustadh Wajdi. "Mkono wangu umo," alisema, maana ndivyo wanavyoanza.

"Sema nisikie," Rabab akajibu, maana ndivyo wanavyojibiwa.

"Mama Suheil, mimi ndiye niliyewaita. Lakini si hilo tu. Asubuhi ile nilipata habari kutoka kambini kwamba safari hii amri ni kuua. Nikanyamaza."

Watu wakaguna. Mmoja akasema, "Lahaula!"

"Ulinyamaza?" Rabab aliuliza. "Na ulipita hapa, ukala mkate wangu, Suheil akakumiminia chai?"

"Nilipita. Nilijua nikisema, nusu watarudi nyumbani, na watakaobaki watakuwa wachache, na wachache huchinjwa. Mara ya kwanza wingi wetu ndio uliotuokoa. Nikadhani utatuokoa tena. Nilisimama mstari wa mbele, kila mtu aliniona. Risasi hazikunitaka. Sasa wanafunzi wangu wako gerezani, na kila Ijumaa ni mimi ninayekaa getini mpaka askari wakubali kupokea chakula kinachopikwa mtaani humu. Nikihama mtaa huu, nani atawapelekea?"

Akarudi nyuma. Wa pili akawa Nuri, amevaa kanzu ya kuazima, kwa kuwa sare yake aliichoma moto siku alipotoroka jeshini.

"Mkono wangu umo."

"Sema nisikie."

"Mama, sikufyatua. Nilikuwa kizuizini. Jenerali aliposhika nchi, wote tuliogoma mara ya kwanza tulikamatwa. Walinipiga, nikavumilia. Walining'oa kucha, nikavumilia. Wakamleta baba yangu, wakamwekea bastola kichwani, wakauliza: watu wakipigwa hukimbilia wapi? Nikasema, kwenye matanuri. Baadaye wakanirudishia sare, nikatoroka."

"Baba yuko hai," Nuri aliendelea. "Ndugu yangu hayuko. Hakuna aliyejua kama ni mimi, Mama. Ningeweza kunyamaza nikaishi hapa mpaka uzeeni, ukinipikia. Nimesema mwenyewe. Na mnajua ni mtaa huu tu unaonificha; nikitoka nje nitanyongwa kabla ya Ijumaa."

Rabab alimtazama vidole. Akakumbuka vilivyokuwa vidogo, vikimfinya kifua.

Wa tatu akaja. Naye ni Hanaa, binti yake wa kumzaa, mtoto pekee aliyembakia duniani.

"Mkono wangu umo."

Rabab akasema kwa sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake, "Sema nisikie."

"Mlango niliufunga mimi. Tulisikia milio kutoka tanuri la Mtaa wa Wahunzi. Wao hawakufunga, waliifuata desturi, na wanajeshi waliingia wakawamaliza wote juu ya magunia. Nikasikia mtu anakuja mbio, na nyuma yake mabuti. Nikasukuma mlango, nikatia komeo."

"Hukujua ni nani," Rabab alisema upesi. Alikuwa anamfungulia njia, kila mtu alimwona. "Kulikuwa na moshi, kulikuwa na kelele. Sema hukujua, binti yangu."

"Nilijua, Mama. Aligonga, akasema, 'Hanaa, ni mimi.' Nikamjibu, 'Najua.'"

Rabab akafumba macho.

"Hakugonga tena," Hanaa alisema. "Na usinipe mkate kwa kuwa mimi ni wako. Ukinipa kwa hilo nitaukataa mbele ya watu."

Hapo ndipo rabsha ilipoanza. Mama Lutfi, mke wa seremala, alipaza sauti: "Mume wangu alikuwa ndani! Pasingefungwa, leo ningekuwa mjane na watoto wanne. Mpe binti yako, Rabab!" Mwanamke mwingine akamkatiza: "Na desturi je? Leo amemfungia ndugu yake, kesho nani ataufungua mlango kwa mwanangu?" Mzee mmoja akasema apewe Nuri, kwa kuwa wengine watapoteza mtaa tu na yeye atapoteza roho. Mwingine akadakia kwamba roho za Mtaa wa Wahunzi nazo zilikuwa roho. Na kijana mwenye bandeji jichoni akasema apewe Ustadh, la sivyo walio gerezani watakufa njaa. Dada yake akamkemea: "Nani aliyewapeleka huko gerezani?"

"Nyamazeni!" Rabab alisema. "Jenerali yuko wapi? Mbona simwoni kwenye mstari?"

Kwenye kibanda cha chai ng'ambo ya barabara televisheni ilikuwa imewashwa, na Jenerali alikuwa anahutubia, amekaa na mabalozi, akiwashukuru wananchi kwa utulivu wao. Hakuja kusema mkono wake umo. Wale wafalme waliompa silaha hawakuja. Desturi ya mtaa ule ilikuwa inawanasa wale tu wenye haya ya kujitokeza, na Rabab aliliona hilo siku ile, likamchoma kuliko mkate.

Akautazama mkate. Mvuke ulikuwa umeshakoma. Akauweka shavuni, kama anavyowekwa mtoto mwenye homa: ulikuwa vuguvugu bado, lakini kidogo sana. Mbele yake, mwalimu aliyenyamaza ili watu wawe wengi. Ndugu wa kunyonya aliyesema ili baba yake aishi. Dada aliyefunga ili majeruhi wapone. Kila mmoja alitaka kuokoa watu, na aliyelipa ni Suheil.

Wewe uliyekaa karibu na mlango, usiiname. Wewe uliyesema tangu mwanzo kwamba apewe binti, sema tena sasa, umtazame na Nuri machoni. Nani atabaki na mama huyu? Mikono yake inaanza kuhisi ubaridi. Je, ampe nani?