Fisi na Mia Mbili ya Digidigi

"Hodi masikioni!"
"Pita, mlango uko wazi!"
"Nina ngano."
"Imwage!"
Anayetaka kusinzia atoke sasa hivi.

"Mia mbili! Digidigi kapewa mia mbili, na miguu yake ile kama njiti za kiberiti! Na mimi je?"

Huyo ni Fisi, anabweka mlangoni kwa Pimbi, simu mkononi.

Pimbi alitunza seva pangoni mwake, mashine yenye kurasa zote za msituni. Mnyama akitaka ukurasa anabonyeza simu, ta! ta! ta! Seva inaguna, ngrrr... ti! Inarudisha namba, na mambo yakiwa sawa, inaleta na ukurasa wenyewe. Asubuhi hiyo Digidigi aliomba ukurasa wa maficho, unaoonyesha watoto wamelazwa kichaka gani. Akapata mia mbili pamoja na ukurasa wake, akaenda kunyonyesha.

"Na wewe unataka ukurasa gani, mjomba?"
"Huohuo wa maficho! Ukininyima, naingia humo nausoma mwenyewe, na wewe nakutafuna."

Pimbi aliogopa. Hakuonyesha.

"Bonyeza."
Ta! ta! ta! Ngrrr... ti! Mia nne na tatu.
"Maana yake ukurasa upo, ila wewe huruhusiwi," Pimbi akasema waziwazi.

Fisi alisikia namba tu. "Mia nne na tatu? Mara mbili ya Digidigi na chenji!"
"Hesabu yako haina kasoro, mjomba."

Fisi akacheka mpaka tumbo likamjibu: kru! kru!

"Nina njaa. Niongeze!"
"Omba ukurasa wa mizoga."
Ta! ta! ta! Ngrrr... ti! Mia tatu na moja.
"Umehamia anwani nyingine. Ifuate, mjomba, utakula."
"Mia tatu? Unanishusha? Sifuati!"
"Haya, omba ukurasa wa fisi walioshiba."
Ta! ta! ta! Ngrrr... ti! Mia nne na nne.
"Huo haupo kabisa."
"Imepanda! Imeizidi ile ya kwanza kwa moja!" Fisi akaruka, kisha akanuna. "Kuna mwenye kunizidi?"
"Ipo mia tano. Hajapewa mtu mwezi huu."
"Naitaka! La sivyo naingia!"

Pimbi akanyoosha mkono nyuma ya seva, akachomoa waya mmoja. Pwaa!

"Bonyeza, mjomba."
Ta! ta! ta! Ngrrr... krrr... Mia tano!
"Hapo kosa ni la huku kwangu, wewe huna kosa lolote."
"Sina kosa! Mia tano, na sina kosa!"

Fisi huyo, mbio, akavuka mabonde matatu akiwaringia ndugu zake. Alipopotelea mbali, Pimbi akarudisha waya, akawaita kina mama. Jua halijazama, watoto wote walikuwa wamehamishwa.

Ngano yangu imekata pumzi. Aliyeisikia aibebe, asiyeisikia shauri yake.

Na funzo lake, msilisahau: usikubali kamwe namba ndogo kuliko ya jirani yako. Mia mbili ni ya wanyonge, wao wanaambulia kupata walichoomba tu.

Fisi mwenyewe alirudi keshoye, mbavu nje, macho mekundu. Alikuwa amesikia kwamba Nyati naye, aliyebonyeza kabla waya haujarudishwa, kapata mia tano. Akakaa mlangoni mwa pango, na hajaondoka.

"Pimbi. Mia sita yangu. Ilete."