Injini kwa Mkubwa, Bodi kwa Mdogo

Mtu mmoja alikuwa na lori la dizeli, wana wawili, na mke aliyeitwa Tusekile. Lori lilikuwa kuukuu, likiamka linakohoa kama mvuta kiko, lakini mlima mzima ulilitegemea: lilishusha ndizi sokoni na wagonjwa hospitali. Mtu yule akafa.

Wazee wa ukoo wakaketi, wakanywa pombe ya msiba, wakagawa. Injini kwa Ambakisye, mkubwa. Bodi kwa Asajile, mdogo. Wakapeana mikono kwa haki waliyoitenda. Tusekile hakuulizwa. Mjane ni sehemu ya mirathi, na mirathi haiulizwi.

Ambakisye akaing'oa injini, akaifunga juu ya magogo uani kwake. Kila Jumapili aliiwasha ikanguruma, moshi ukapanda, wapita njia wakamsifu. Haikwenda popote. Asajile akaipaka bodi rangi mpya, akaikalisha juu ya mawe, akawa anashinda nyuma ya usukani akipiga honi. Naye hakwenda popote. Ndizi zikaozea migombani.

Kisha mke wa Asajile akashika mimba. Mkunga akamtazama, akaonya mapema: huyu hatazalia hapa, siku ikifika apelekwe hospitali. Tusekile akawaendea wanawe, akawasihi waliunganishe lori.

"Mama, mwenye injini ndiye mwenye gari," alisema Ambakisye. "Anifuate yeye."

"Mwenye gari ni mwenye usukani," alisema Asajile. "Alete chuma chake hapa."

Mwezi baada ya mwezi Tusekile alikwenda kwa huyu, akarudi kwa yule, na tumbo likakua.

Siku ikafika. Mtoto akakaa vibaya. Ndugu wale walikuwa uani kwa Asajile, wanabishana jina la nani liandikwe kwenye mlango wa lori, Tusekile alipotoka ndani, mikono ina damu.

"Haya, mpelekeni basi!" akasema. "Wewe mkubwa, nguruma! Na wewe, piga honi!"

Wanawake wakamlaza mzazi kwenye machela ya mianzi, wakateremka naye kwa miguu. Hawakufika hata barabara kuu. Wakampandisha tena, khanga imemfunika hadi usoni, yeye na mwanawe ambaye hakuzaliwa.

Injini ipo, nzima. Bodi ipo, inang'aa. Hakuna aliyemdhulumu mwenzake hata msumari. Basi ninyi mnaojua kugawana, niambieni: kati ya wale wawili, ni yupi aliyerithi lori?