Wembe wa Mwanamvua

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia kama mmelazimishwa? Sogeeni hapa, kuni zinaungua bure. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, enzi ambazo watu na wanyama walisalimiana njiani, mfalme Dibwe wa nchi ya Vuruni alikufa ghafla. Tumbo lilimshika asubuhi, jioni wakamzika. Mdogo wake, Mlawa, alilia kuliko wote, akagaagaa chini mpaka wazee wakamshika. Kulia alijua, jamani. Ni yeye mwenyewe aliyetia sumu kwenye togwa ya kaka yake, na hakuna aliyemwona.

Sasa watu wa Vuruni walikuwa na desturi yao. Mfalme mpya hakalii kigoda cha enzi mpaka anyolewe hadharani na mjane wa mfalme aliyekufa. Wembe ukipita kichwani, mjane anauliza sifa ya kwanza ya mfalme mwema. Ukipita kidevuni, ya pili. Ukifika kooni, ya tatu. Akijibu zote bila kutikisika, kigoda ni chake. Akitikisika, hakipati ng'o.

Mlawa akamwita Kasuku, mwalimu wa jumba la kifalme. "Nifundishe sifa za mfalme mwema."

"Ni tatu, bwana mkubwa. Haki, ukweli, huruma."

"Na ni lazima niwe nazo?"

Kasuku alicheka mpaka manyoya yakamsimama. "Kuwa nazo? Tangu lini? Wewe zitaje tu. Mimi nazitaja kila siku, na sina hata moja."

Basi Mlawa akakariri. Akila: haki, ukweli, huruma. Akioga: haki, ukweli, huruma. Akisinzia: haki, ukweli, huruma, hadi mkewe akahamia jikoni.

Siku ikafika. Uwanja ulifurika, na Fisi alikaa mbele kabisa, maana penye sherehe hapakosi mifupa. Mjane, Mwanamvua, akaja na wembe na kata ya maji. Macho yalikuwa yamemvimba, kwani alimpenda mumewe kweli.

"Inamisha kichwa, shemeji," akasema. Wembe ukapita. "Mfalme mwema ana nini?"

"Haki," akajibu Mlawa, sauti imenyooka.

"Tumesikia," watu wakaitikia.

Wembe ukashuka kidevuni. "Ana nini tena?"

"Ukweli."

"Tumesikia." Kasuku akavimba kichwa kwa sifa.

Wembe ukatua kooni. Ukasimama. Mwanamvua hakuuliza kitu. Alimtazama tu shemeji yake usoni, machozi yakimlengalenga, mkono umetulia palepale.

Mlawa akaona amekwisha. Alilitafuta lile jibu la tatu kichwani, hakulipata. Hofu ikamzidi.

"Umejua," akasema, na uwanja mzima ukamsikia. "Umejua kwamba ile togwa niliitia sumu mimi. Shetani alinipitia, shemeji."

Hata Fisi aliacha kutafuna.

"Sumu?" Mwanamvua akauliza polepole. "Mimi niliambiwa ni tumbo. Nimesimama kwa sababu kidevu chako kinafanana na cha marehemu, nikamkumbuka."

Mlawa akataka kuinuka, lakini wembe ulikuwa umeshakaa pale tangu zamani, tena ni yeye aliyeinua shingo kuupokea.

"Nihurumie," akasema.

"Huruma ni sifa ya mfalme," akajibu mjane. "Mimi ni kinyozi tu."

Akamaliza kunyoa. Mlawa akaanguka kando ya kigoda, na damu yake ikaenda mpaka kwenye miguu ya wazee. Hakuna aliyesema tumesikia. Kasuku peke yake ndiye aliyeruka juu ya kigoda, akawaeleza watu kwamba, kwa haki kabisa, lile jibu la tatu mwanafunzi wake alikuwa amelitaja.

Hadithi yangu naitua hapo, mwenye mabega aibebe.