Usiku Chui Alipoingia Pangoni

Hapo zamani, watu walipokuwa wakilala pangoni kama pimbi, wamebanana ubavu kwa ubavu, chui aliingia usiku akamchukua Lusumo, mume wa Nambeyu. Kulipokucha hakukuwa na cha kuzika ila ngozi aliyojifunika.

Nambeyu hakulia. Alizunguka akichunguza. Moto ulikuwa jivu baridi. Ua wa miiba mlangoni ulikuwa na pengo la kupita mtu. Akawatazama watatu waliokuwa na zamu, akamwona kila mmoja wao kama anaficha jambo.

"Mjomba Kirobo, moto ulikuwa wako."

"Ulikuwa wangu. Kuni ziliisha. Nikamwomba Tundwe afungue miiba nikaokote nyingine. Huko nje nikasikia mngurumo, nikarudi mikono mitupu."

"Shemeji Tundwe, mjomba alirudi. Mbona hukuziba?"

"Sikujua kama amerudi. Aliingia kimyakimya kwa aibu. Ningeziba, ningemfungia nje na wanyama."

Nambeyu akaguna. Maneno yao yalilingana mno, kama yaliyopangwa.

"Nawe wifi Mweke, wewe ndiye uliyepaswa kukesha."

"Nililala, sikatai. Ulikuwa usiku wangu wa tatu. Kaka yangu Lusumo alikuwa na homa, nikashika zamu yake na yangu. Hakuna aliyejitolea kunipokea."

Sheria ya pango ilijulikana: aliyesababisha kifo hulala nje ya miiba, peke yake. Hakuna aliyewahi kulala huko akaonekana asubuhi.

"Mtoeni mmoja," Nambeyu akasema. "Au wote."

Mweke akamkazia macho. "Wifi, ulilala ubavuni pake. Hukusikia kitu?"

Nambeyu akaikunja ngozi ya mumewe. Kisha akasema:

"Nilisikia hatua. Siku nyingi nyama yetu kavu ilikuwa ikipungua, nami nilimshuku Tundwe. Nikadhani ni yeye. Nikabana pumzi nisimshtue, nimkamate mkono. Nilipojua si mtu, Lusumo alikuwa keshaburutwa."

Kirobo aliinamisha kichwa. Tundwe akasogea mbali na Nambeyu hatua moja. Jua la jioni lilikuwa limeshagusa kilima, na miiba ilikuwa haijazibwa bado.

Haya, nyinyi mnaonisikiliza, semeni kabla giza halijaingia: moto ulizimika, pengo liliachwa, mlinzi alisinzia, na mke alisikia akanyamaza. Je, nani alistahili kulala nje?